Washkaji Wanne, Mlango Mbovu na Shing'weng'we: Wikiendi ya Vita Bariadi

Majina kapuni. Mji ni Bariadi, na muda ni wikiendi moja ya Agosti baada ya Nane Nane, vumbi la viwanja vya Nyakabindi lilipoanza kutulia na wenye mabanda wamesharudi kwao. Watu wanne walijichimbia kwenye ua wa nyumba ya kupanga tangu Ijumaa jioni. Kwa siku mbili majirani walisikia kelele tu: "Umekufa wewe!", "Sijafa, rusha tena!", "Pima vizuri, hizo siyo inchi sita!"

Mama mwenye nyumba alichungulia mara ya kwanza akadhani kamari. Mara ya pili akakuta watu wazima, mmoja wao mwalimu wa watoto wa watu, wameinama juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye kreti za soda, wanasogeza vinyago vya udongo. Akaguna, akaondoka zake.

Wadau wa magemu mtakuwa mshajua kilichokuwa kinaendelea. Wengine twende taratibu.

Ni mchezo wa vita wa mezani. Una jeshi lako la watu wadogo, mwenzio ana lake, mnapima hatua kwa futi, mnarusha dadu kuona nani kapiga na nani kakosa. Huko Ulaya mchezo huu una umri mkubwa. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia aitwaye Reisswitz alifanikiwa kuuingiza jeshini, maofisa wakawa wanajifunza vita juu ya meza. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, akatoa kitabu kizima cha kanuni za kupigana na askari wa kuchezea, akakiita Little Wars. Baadaye watu wakachoka na askari wa kawaida, wakaingiza wachawi, majitu na majoka. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 imetokea humo humo, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ikaja na Warhammer. Hiyo Warhammer ndiyo inayofanya watu wazima huko duniani wauze hadi gari ili wanunue vidubwasha vya plastiki. Siyo utani, bei zake ukiziona utakaa chini.

Sasa imefikaje Bariadi? Kwa bando la usiku.

Mmoja wa hawa wanne ni fundi simu, ana fremu yake karibu na stendi. Usiku bando likiwa rahisi huwa anaangalia video za jinsi ya kubadilisha vioo na kuchomelea saketi. YouTube nayo ina mambo yake, ikaanza kumletea video za Wazungu wanaopaka rangi askari wenye kimo cha kidole gumba kwa brashi nyembamba kama unyoya. Akaangalia moja. Akaangalia mia. Akapiga hesabu ya kuagiza boksi moja, bei, usafiri na ushuru, akaona ni mbuzi kadhaa wanatembea. Lakini akagundua kwamba kanuni zenyewe siyo lazima ununue. Kuna jamaa wanaitwa OnePageRules, wana gemu linaitwa Age of Fantasy, kanuni za msingi unapakua bure, na hawajali kama jeshi lako ni la plastiki, la mbao au la vizibo vya soda.

Akampelekea mwalimu. Mwalimu akacheka, akamwambia, "Mzee, haya madude sisi tulikuwa tunafinyanga machungani. Hatukujua tu kwamba yana futi."

Na kweli. Mtoto wa Usukumani aliyechunga ng'ombe halafu hajawahi kufinyanga ng'ombe wa udongo, huyo alikuwa analala huko machungani. Unakaa chini ya mti, ng'ombe wa kweli wanakula, wewe unatengeneza wa kwako: nundu, pembe ndefu, mkia umelala ubavuni ili usivunjike. Wa kwako wanapigana na wa mwenzio. Anayevunjika pembe kashindwa. Gemu lilikuwepo siku zote.

Mwalimu, anayefundisha shule ya msingi upande wa Itilima, ndiye aliyekuwa kiwanda. Kwanza alijaribu udongo mweusi wa mbuga, ule unaokamata tairi za boda masika mpaka dereva anashuka kusukuma. Ukikauka unapasuka vibaya mno, askari wote wakakatika viuno. Akahamia udongo wa kichuguu, akaupondaponda, akauchanganya na mchanga kidogo, akakausha kivulini chini ya gunia bichi ili maji yatoke polepole. Hapo wakasimama. Mikuki ikawa vijiti vya meno. Mti wa mbuyu ukatoka kwenye kipande cha tawi kilichonenepa chini. Milima ya mawe? Bariadi haina shida ya mawe, unaokota tu. Moshi wa kichawi ukafanywa kwa pamba, maana ukiwa Simiyu ukakosa pamba ya kuchezea utakuwa umejitakia.

Rangi zilitoka kwa mtu wa tatu, dada mwenye saluni. Rangi za kucha, zile chupa zilizobaki robo ambazo wateja hawazitaki tena. Kwa hiyo vita hii ilipiganwa na majeshi yanayong'aa kuliko jeshi lolote duniani. Kikosi kizima cha pinki ya kumetameta. Dada alikuja kama mgavi wa rangi, akakaa dakika kumi kuangalia mazoezi, akasema, "Nipeni na mimi jeshi." Hajarudi nyuma tangu siku hiyo. Na ndiye mchezaji katili kuliko wote, hana huruma hata na mtoto.

Mtu wa nne ndiye sababu ya wikiendi yenyewe.

Huyu ni mdogo wao kiumri, mtoto wa wakulima wa pamba kutoka Meatu, amemaliza chuo, anasaka ajira na huku anaendesha boda ya mtu. Mwezi Juni mama yake aliuza pamba, akamkabidhi laki sita na nusu ayaweke salama mjini mpaka mdogo wake wa kike atakapohitaji ada ya chuo. Mnaona pa kuelekea. Mkeka wa mechi saba. Sita zikaitika. Ya saba ikachanika dakika za nyongeza, kwa penalti. Na hapo alikuwa ameweka laki mbili tu. Zile nne na nusu zilizobaki zilikwenda wiki mbili zilizofuata, kidogo kidogo, kuzitafuta zile mbili.

Aliacha kwenda nyumbani. Simu za mama akawa anazipokea moja kati ya tano, na hiyo moja anasema yuko barabarani na abiria. Rafiki zake walijua Julai mwishoni, alipoleta simu yake kwa fundi na kusema, "Nipe chochote." Fundi alimpa kitochi, akaichukua ile simu kubwa, akaifungia kwenye droo. Hakuinunua. Alimwambia tu, "Iko hapa, ukipona utaikuta."

Wazo la wikiendi lilikuwa la dada wa saluni. Ijumaa na Jumamosi ndiyo siku mbaya, mechi zinaanza mchana zinaisha usiku, vibanda vimejaa, kila kona mtu anauliza "umeweka nini leo?" Basi tumfungie ndani, alisema, tumlishe, tumchoshe. Mwalimu ndiye aliyeleta ubishi, na ubishi wake ulikuwa wa maana: huyu mtu anaumwa ugonjwa wa kubahatisha, halafu nyie dawa yenu ni kumpa dadu mkononi? Si sawa na kumpeleka mlevi kwenye kilabu ili akanywe soda?

Walizungumza hilo jambo karibu saa nzima kwenye ngazi za fremu. Fundi akasema dadu za kwenye gemu ukikosa unapoteza udongo. Mwalimu akasema mkono unaotetemeka haujui tofauti ya udongo na laki. Hakuna aliyeshinda. Wakakubaliana kwamba hakutakuwa na hela mezani hata ya sambusa, na kwamba atakuja mwenyewe akitaka.

Alikuja Ijumaa saa kumi na mbili, na mfuko wa michembe aliyopewa na abiria mmoja wa Maswa badala ya nauli.

Usiku ule hawakupigana. Walimkalisha chini na bonge la udongo mbichi, wakamwambia atengeneze jeshi lake. Hakutengeneza askari. Alifinyanga ng'ombe wawili wa kulimia, dume jeusi na dume jekundu, akawafunga nira ya kijiti cha kiberiti, akawawekea plau ya kipande cha bati la kopo. Alikaa nao mpaka saa sita za usiku, mmoja nundu yake ilikuwa inaanguka kila mara, anairudishia. Dada akamuuliza hao wanapiganaje. Akasema, "Hawapigani. Wanapita." Fundi akawaandikia kanuni pale pale: wakienda mbio wanakwenda inchi kumi na mbili na chochote kilicho mbele kinarusha dadu ya kujiokoa. Ikatokea kuwa ndicho kikosi kibaya kuliko vyote mezani.

Jumamosi asubuhi, chai na viazi vitamu, vita ikaanza.

Hapa ndipo washkaji wa Bariadi walipowazidi Wazungu wa YouTube, na hili lisemwe wazi. Hawakucheza na majini wa kigeni wenye masikio marefu. Majeshi mawili makubwa waliyaita Bagika na Bagalu. Kama wewe si mtu wa kanda hiyo: hayo ni makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, mapokeo yanayaanzisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali. Mpaka leo kwenye sherehe ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, makundi yanacheza kwa pamoja ubavu kwa ubavu, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Umati wenyewe ndiyo goli. Unaweza kuwa na mpigaji hodari kuliko wote, kama watu wamegeuza shingo kwa jirani yako, imekula kwako.

Kwa hiyo kanuni yao ilikuwa hivi. Katikati ya mlango waliweka vizibo vya soda ishirini, hao ndio watazamaji. Kila mtu anasogeza kikosi kimoja, anampisha mwenzie naye asogeze kimoja. Raundi nne. Mwisho, kizibo kilicho ndani ya inchi tatu za askari wako ni cha kwako. Mwalimu alikuwa Bagalu, na wacheza bugobogobo wenye majembe. Fundi Bagika. Dada akachukua Bayeye, wale wa nyoka, na nyoka zake zilikuwa nyaya za earphone zilizokufa. Mdogo wao na ng'ombe wake wakawa upande wowote wanaoupenda.

Raundi ya kwanza kila mtu muungwana. Ya pili dada akapitisha nyoka nyuma ya mbuyu akala majembe manne ya mwalimu kwa mrusho mmoja. Unavyopiga ni rahisi tu: askari sita, dadu sita, zile za nne kwenda juu zimepata, anayepigwa naye anarusha kujikinga. Dada alirusha dadu sita, sita zote zikapata. Mwalimu akarusha kujikinga, akaokoa mbili. Akasema dadu za dada zimeoshwa kwa mganga. Kwa mchezo wenye asili ya Ngika na Gumha, hilo halikuwa tusi, ilikuwa pongezi.

Ng'ombe wakapita. Wakakanyaga kikosi cha Bagika, wakafika kwenye vizibo, na mdogo wao akasimama, mikono kichwani, anacheka. Fundi anasema alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa tano.

Halafu, saa nane mchana hivi, jambo likatokea. Gemu la pili, matokeo yameshikana, anahitaji tano au sita kwenye dadu moja tu. Akaishika ile dadu kwenye ngumi, akaipulizia. Macho yakabadilika. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Tuweke hata buku buku basi, inoge."

Kimya. Kuku wa mama mwenye nyumba tu ndiye aliyekuwa anaongea.

Mwalimu alimwangalia fundi, lile jicho la nilisema. Fundi akaangalia chini. Dada wa saluni ndiye aliyejibu, hata hakuinua kichwa, alikuwa anagundisha nyoka: "Weka soksi zako. Mimi naweka hii pinki ya kumeta, imebaki nusu."

Alichelewa kuelewa. Halafu akavua soksi, kweli, akaziweka mezani. Akarusha. Mbili. Dada akazichukua zile soksi kwa ncha za vidole viwili akazitupa juu ya kamba ya nguo, na huko zilikaa mpaka Jumapili. Mchezo ukaendelea. Lakini kila mtu aliona, na yeye aliona kwamba wameona. Baada ya hapo alirusha dadu bila kuzipuliza.

Usiku ndiyo akaletwa mwenyewe. Mwalimu alimtoa kwenye boksi kama mtu anayetoa keki ya harusi: Shing'weng'we, mkubwa kama birika, amefinyangwa kuzunguka kopo tupu la maziwa ya unga, mdomo wazi, meno ya mbegu za tikiti. Tumbo ni kopo. Maana yake akikushinda, askari wako hatolewi mezani. Anaingizwa mdomoni na unamsikia anavyogonga chini. Kwangwa. Hiyo sauti inauma kuliko unavyofikiri.

Mwalimu akawasimulia hadithi kwanza, ingawa wote waliikulia. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yote, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Anamzaa Masala Kulangwa. Mtoto anakua, anauliza watu wako wapi, anaambiwa. Anaanza kuwinda. Anamletea mama panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we? Hapana mwanangu, huyo ni panzi. Anarudi na ndege, anarudi na swala, kila siku mnyama mkubwa zaidi, na kila siku siye. Mpaka siku aliyompata mwenyewe, akamuua, akampasua mgongo, watu wote wakatoka. Ila kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani, na huyo bibi hakushukuru. Alikasirika, akataka kulipiza.

"Mimi huyo bibi sijawahi kumwelewa," fundi akasema. "Umetolewa tumboni mwa zimwi, unalia sikio?"

"Sikio lilikuwa lake," mwalimu akasema.

Wakaweka kanuni. Watatu wanashirikiana, mwalimu anaendesha zimwi. Likifa, mgongo unapasuliwa kwa kisu, na kila anayetolewa anarushiwa dadu. Ikija moja, kakatwa sikio, na kuanzia hapo anapigana dhidi yako. Walicheza mpaka saa saba, zimwi likiwa limekula zaidi ya nusu ya jeshi, pamoja na dume jeusi la kulimia. Wakaacha raundi ya tatu ikiwa katikati. Wakafunika meza kwa kanga ili kuku wasimalizie.

Jumapili. "Mwangaluka," mama mwenye nyumba akawasalimia getini, sasa keshazoea. Dada akaenda misa ya kwanza akarudi. Saa nne wakafunua kanga.

Kanuni zote ziko kwenye simu ya fundi, kwa hiyo simu ya fundi ilikuwa imelala mezani muda wote, katikati ya vita, kioo juu, kila mtu anaiona. Mdogo wao ndiye aliyekuwa anaisoma, anatafuta kikosi kilichobaki nusu kinarusha nini ili kisikimbie. Ikaanza kuita mkononi mwake. Jina kwenye kioo: Mama Meatu. Na namba anayoijua kwa kichwa tangu darasa la tano.

Hakupokea. Aliiacha iite mpaka ikakata. Akaiweka mezani taratibu, karibu na mbuyu.

"Tangu lini?"

"Alhamisi," fundi akasema.

"Umemwambia yote?"

"Aliniuliza kama uko hai. Nikashindwa kumwambia nusu."

Kuna watu wangepindua meza. Kwa sinema ingependeza, udongo ungeruka. Yeye alichukua kitochi chake, akavaa ndala za fundi kwa sababu soksi na viatu vilikuwa mbali, akatoka. Mwalimu akanyanyuka amfuate. Dada akamshika shati.

Walikaa saa mbili na nusu bila kusogeza hata kizibo. Fundi alisema mara moja tu kwamba labda alikosea. Mwalimu, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilisema, hakusema. Alikuwa anaokota vipande vya udongo vilivyobanduka na kuvipanga kwa ukubwa. Hapo kila mtu ana lake la kusema, kwamba siri ya mtu mzima ni yake mwenyewe, au kwamba siri yenye ada ya mtoto wa kike ndani siyo siri. Wale watatu kwenye ua hawakuwa na jibu. Walikuwa na chai iliyopoa.

Alirudi vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea mpaka njia ya Lamadi akageuka. Akasimama mlangoni, akamwambia fundi, "Umenikata sikio, wewe."

"Najua."

"Ipige."

Fundi akapiga, akampa, akaweka sauti kubwa bila kuulizwa, mikono yake ilikuwa inatetemeka naye.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Kimya kidogo. "Umekula?"

"Nimekula."

"Unakula nini huko?"

"Viazi, mayu."

"Haya. Ada ya mdogo wako imepatikana. Nimemuuza dume jeusi."

Hakuna mtu wa pale ambaye hakujua maana yake. Plau inavutwa na wawili. Ukiuza mmoja hujauza nusu, umeuza kilimo cha msimu. Mwezi wa kumi na moja mvua ikianguka utakuwa unabisha hodi kwa jirani kuomba ng'ombe kwa zamu, baada ya yeye kumaliza la kwake. Mama alisema yote kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Hakumtukana. Hakumuuliza kwa nini. Akasema shamba lina masalia ya pamba hayajang'olewa na mgongo wake haufai tena, kwa hiyo aje Jumatatu. Kisha akaomba aongee na fundi, akamwambia "wabeja sana," akakata.

Mdogo wao alikaa chini kwenye ngazi. Alilia, ndiyo. Dada wa saluni akakaa pembeni yake, hakumshika, alimpa tu soksi zake kutoka kwenye kamba, zimekauka kama papa.

Baada ya muda alimuuliza mwalimu dume la kulimia bei gani sasa hivi mnadani. Mwalimu akamtajia. Akapiga hesabu ya boda kwa vidole, hesabu ya siku ngapi, akaianza upya mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeota. Fundi akafungua mdomo aseme kuna kiasi anaweza kuchangia, dada akamkanyaga mguu chini ya meza. Sahihi kabisa. Siku hiyo haikuwa yake.

Jumatatu alfajiri aliondoka na kitochi. Simu kubwa imebaki kwenye droo, kwa ombi lake mwenyewe safari hii. Dume jekundu la udongo aliondoka nalo mfukoni, limefungwa kwenye soksi lisivunjike pembe.

Na vita? Haikuisha. Shing'weng'we yuko kwenye rafu ya fremu ya fundi, juu ya chaja na kava, anatazama barabara ya stendi mdomo wazi. Watu bado wamo ndani, pamoja na lile dume jeusi. Ukilitikisa kopo unawasikia. Wateja wanauliza bei. Fundi anasema halijaisha gemu, mmoja yuko shamba, akirudi ndipo mgongo utapasuliwa. Dada wa saluni anasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshindwa, vizibo vihesabiwe kama vilivyokuwa Jumapili saa nne, kumi na moja vilikuwa vya kwake.